Upepo ni Bure, Stima Yake Si Bure

UZI 🧵

1/ Kila msimu wa siasa lazima hii hoja irudi. Mmoja anasema: "Upepo ni wa Mungu, mbona stima iko juu?" Mwingine anajibu: "Hiyo mitambo ni wizi mtupu." Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona wote wawili wanaruka swali lenyewe: gharama imejificha wapi, na nani anailipa?

2/ Tuchukue mfano wa nyumbani: mradi wa Loiyangalani, Marsabit. Mitambo 365, megawati 310. Haichomi dizeli, haitoi moshi. Hiyo ni faida ya kweli, mtu asikudanganye.

3/ Gharama ya kwanza ni laini. Upepo uko Marsabit, wateja wengi wako mbali huko kusini. Ikabidi kujenga laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mitambo ikawa tayari 2017. Laini? Septemba 2018. Fidia za ardhi zilichelewa, na mkandarasi kutoka Uhispania akafilisika. Serikali ikajikuta na deni la mabilioni kwa stima ambayo haikuwasha hata balbu moja.

4/ Kwa nini ilipe? Mkataba. Kwa lugha ya mtaani: utumie usitumie, utalipa. Benki hukopesha mradi zikiwa na uhakika huo. Lakini usiku upepo unavuma sana na wengi wetu tumelala. Hapo ni kuchagua: kupunguza upepo ambao bado unalipiwa, ama kupunguza mvuke wa Olkaria.

5/ Halafu upepo ukitulia ghafla, lazima kuwe na mtambo mwingine umekaa tayari: maji, mvuke, hata dizeli. Kukaa tayari si bure.

6/ Pia, bei ya ile stima iko kwa euro. Shilingi ikianguka, upepo ni ule ule lakini malipo yanapanda. Angalia bili yako, kuna mstari wa marekebisho ya ubadilishaji wa fedha. Miradi kama hii ni sehemu ya sababu.

7/ Sasa ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000 katika eneo la wafugaji. Mitambo yenyewe inakalia kipande kidogo sana cha hiyo. Wenyeji wakaenda kortini. Mwaka 2021, mahakama ya ardhi Meru ilisema hati zilipatikana kinyume cha utaratibu, ikatoa mwaka mmoja zirekebishwe. 2023 ikakataa kuongeza muda. Kule Kinangop, mradi wa megawati 60 ulikufa kabisa mwaka 2016 baada ya maandamano yaliyomwaga damu. Kutoongea na wenye ardhi mapema pia ni gharama, tena kubwa.

8/ Mazingira je? Tumbusi akipaa macho yake yako chini anatafuta mzoga, si mbele kwenye bawa la mtambo. Na hutaga yai moja tu, kwa hivyo wachache wakifa, pengo halizibiki haraka. Kule Kipeto, Kajiado, wameajiriwa watu wa kutazama anga ili mtambo usimamishwe tumbusi akikaribia. Inawezekana, ila inalipiwa. Mabawa nayo yakizeeka ni vigumu kuyatumia tena, manake yametengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu.

9/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme upepo ni bure ama upepo ni wizi, muulize hivi:
– Laini itakamilika lini, na ikichelewa nani analipa?
– Mkataba ni wa sarafu gani, na tunaweza kuusoma?
– Wenye ardhi walikubali kabla ama baada?
– Nani ataondoa mitambo ikizeeka?

10/ Asiyeweza kujibu hata moja hajakuja kuongea stima, amekuja kuomba kura. Ukiwa na swali, liweke hapo chini, nitajibu nikitoka darasani.