Kabla Mstari Haujachorwa: Wawakilishi wa Wananchi katika Kupanga Reli Mpya

Watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa habari za mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulivunja kingo zake, ukaingia mjini, ukawatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kusomba tuta la Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Safari za kwenda Dodoma, Tabora na Kigoma zikakatika kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Wajerumani, ambao walifikisha reli Kigoma mwaka 1914, waliifuata njia ya mto kwa sababu bonde ndilo lililowapa mteremko nafuu wa kupanda kuelekea bara. Tangu hapo mafundi wa reli wamekuwa wakirudi kwenye kipande hichohicho kukijenga upya.

Mhandisi wa leo anayo picha ya setilaiti, vipimo vya udongo na takwimu za mvua. Lakini vituo vya kupimia mvua ni vichache na viko mbali kimoja na kingine, na picha iliyopigwa kiangazi haionyeshi maji ya masika. Ndiyo maana wapimaji wenye uzoefu hawaondoki kijijini kabla ya kuuliza: maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote? Mzee atawapeleka nyuma ya nyumba na kuwaonyesha alama ya tope ukutani. Mwingine atawaonyesha korongo ambalo halikuwepo alipokuwa kijana. Mpimaji anaweka fimbo yake, anasoma urefu, anaandika. Kutokana na namba hiyo ndipo unapojulikana upana wa kalavati na kimo cha tuta. Kalavati likiwa jembamba, tuta linageuka bwawa, na bwawa hilo halimwagiki pengine ila kwenye mashamba ya wanaoishi upande wa juu wa reli.

Kushirikisha wananchi, basi, ni sehemu ya usanifu wenyewe. Kunafaa wakati penseli bado iko mkononi.

Bahati mbaya, mara nyingi hufanywa baada ya hapo. Gari linafika, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wanapewa heshima zao, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, hotuba inatolewa kuhusu faida za reli kwa taifa, watu wanapiga makofi. Nyumba zimeshapigwa alama ya X ya kubomolewa. Wanaulizwa kama wanaitaka reli, na karibu kila mahali wanaitaka. Anayelima vitunguu mbali na soko hahitaji kushawishiwa. Swali lenye manufaa ni jingine: mnavuka wapi? Kisima kiko upande gani, shule upande gani, ng'ombe wanapita wapi kwenda kunywa maji?

Swali la kuvuka lina uzito kuliko zamani. Kwenye reli ya zamani mtu aliangalia kulia na kushoto, akapita. Reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ni ya umeme na treni zake zimesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Huwezi kuacha watoto wakatize hapo kwa miguu. Njia hufungwa kwa uzio, na kuvuka kunabaki kwenye madaraja na vivuko vya chini ya tuta. Kivuko kilichomo kwenye mchoro wa mwanzo ni gharama ya saruji na nondo tu. Kikidaiwa baada ya tuta kukamilika, kinataka bajeti mpya, mkataba mpya, na pengine kusimamisha treni. Katikati ya hayo, mtoto anazunguka kilomita kadhaa kila asubuhi au anatoboa uzio.

Upande wa Kenya kuna mfano wa kutafakari. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, inapita Tsavo, na ndani yake viliwekwa vivuko vya chini kwa ajili ya wanyama. Mwaka 2016 watafiti na Shirika la Wanyamapori la Kenya waliwafunga tembo 10 kola za setilaiti ili wajue wanapita wapi. Ni kazi nzuri, na tembo wanastahili. Mwanafunzi, mchungaji na mama anayekwenda kliniki nao wana njia zao za kila siku, ila wao hawahitaji kola. Wanahitaji mtu wa kuwauliza kwa wakati na kuliandika jibu.

Nani aulizwe? Tanzania imejaliwa ngazi ambazo nchi nyingi hazina. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake hawapaswi kupungua robo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu sauti pale ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma: eneo lisilozidi hekta 250, mkutano wenyewe unakubali au kukataa, likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kupata maoni ya kijiji. Ardhi hiyo haihami kabla aina, kiasi na namna ya kulipa fidia havijakubaliwa.

Hata hivyo, ngazi hizo zina mapengo. Mfugaji anayepitisha mifugo Julai hayupo mkutano unapoitishwa Machi. Mpangaji hana shamba la kuthaminiwa, lakini biashara yake ya chapati imeshikilia kona ya barabara itakayofungwa. Mke ambaye jina lake halimo kwenye hati anaweza kuona fedha za fidia zikipita mbele yake. Mwenyekiti mwadilifu bado hawezi kuzibeba shida zote hizi kichwani, kwa hiyo mipango makini huongeza wawakilishi wa shughuli: wa wafugaji, wa wavuvi, wa mama lishe, wa wazee wanaojua makaburi. Makaburi hasa. Tanzania ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969, lakini sheria haiwezi kuonyesha kaburi lisilo na msalaba wala zege, lililobaki na mti tu. Hilo linajulikana na familia.

Wawakilishi nao waambiwe ukweli. Treni ya kasi haipindi kona kali, hivyo njia haiwezi kukwepa kila mwembe. Afadhali mhandisi aseme wazi: mstari huu unaweza kusogea mita kadhaa hapa, pale hauwezi kabisa, vivuko, stesheni, barabara za kandokando na mifereji bado havijaamuliwa. Watu wazima wakielezwa hivyo huacha kubishana na mlima, wakajadili kinachojadilika.

Wasipopewa nafasi hiyo mezani, huitafuta mahakamani. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kanuni za mazingira za 2003 zinataka angalau mikutano mitatu na wanaoathirika. Septemba 2016 baraza la rufaa za mazingira liliamuru ujenzi wa reli usimame ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako ilikusudiwa kupita juu ya daraja la kilomita 6. Daraja lilijengwa baadaye. Juni 2020 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba utaratibu wa kumpata mkandarasi wa reli ya Mombasa ulikiuka sheria. Wakati huo treni ilikuwa imeshabeba abiria miaka mitatu. Hukumu ilipatikana, ila hakuna nguzo iliyong'olewa, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuyasikiliza malalamiko mapema.

Wakopeshaji nao wameanza kudai wananchi wasikilizwe. Reli ya Dar es Salaam hadi Makutupora ilipopata mkopo wa dola bilioni 1.46 mwaka 2020 kupitia benki ya Standard Chartered, masharti ya kimataifa ya mazingira na jamii yalikuwa sehemu ya makubaliano. Masharti ya aina hiyo hudai utaratibu wa kupokea malalamiko: daftari, mtu anayejulikana kwa sura, muda wa kujibu. Daftari hilo linafaa kubaki hata baada ya utepe kukatwa. Malalamiko hayaishi na ujenzi: mwaka 2000, robo karne baada ya reli ya TAZARA kukamilika, wanakijiji wa kusini mwa Tanzania pamoja na viongozi wao wa kuchaguliwa waliandika kupinga kufungwa kwa stesheni ndogo. Maisha yao yalikuwa yamejengwa juu ya treni ile ya kawaida inayosimama kila mahali, ikibeba mpunga, ndizi na kuku wao kwenda sokoni.