Mhandisi wa Kuchimba Mali ya Angani: Kazi Yake ni Ipi?

  Wanafunzi wetu wapenzi pamoja na wazazi, katika toleo hili tunaeleza kazi ambayo wengi wetu hapa Ugalla hatujaizoea: uhandisi wa vyombo vya kuchimba mali ya angani.

Mtu asidhani hizi ni hadithi za kubuni. Kule Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo kilichoanguka zamani, ambacho uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Mawe yaliyo asili ya vimondo huitwa asteroidi, nayo yanayojulikana kulizunguka jua ni zaidi ya milioni moja.

Je, kwa nini hayachimbwi? Tatizo la kwanza ni usafiri. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba madini ya risasi, kwani mali isiyosafirishika haina soko. Angani hakuna reli, na kila kilo inayopandishwa na roketi ina gharama kubwa. Kwa hiyo wahandisi hawaanzi na dhahabu, bali na maji. Barafu ipo katika mashimo ya ncha za mwezi yasiyofikiwa na jua. Maji hayo yakitenganishwa kwa umeme hutoa oksijeni ya kupumua na haidrojeni, na zote mbili hutumika kuendesha roketi.

Tatizo la pili ni uzito. Mchimbaji wa kwetu akipiga sururu, uzito wa mwili wake humshikilia chini. Mwezini uzito huo hubaki sehemu moja ya sita. Kwenye asteroidi ndogo karibu haupo kabisa: ukigonga jiwe, wewe ndiye unayerushwa. Ndiyo maana mwaka 2020 chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilipogusa asteroidi Bennu, hakikuchimba kwa nguvu. Kilipuliza hewa ya naitrojeni, mchanga ukaruka, kikaunasa. Mwaka 2023 mzigo ulifika duniani: gramu 121.6, hata robo kilo haukutimia. Na kwenye sayari ya Mirihi, kifaa kiitwacho MOXIE kilitengeneza gramu 122 za oksijeni kutokana na hewa ya huko, kati ya mwaka 2021 na 2023. Mgodi wa angani bado haujafunguliwa. Kazi iliyopo ni ya majaribio.

Kazi hii haina mhandisi peke yake. Dk. Farouk El-Baz, mtaalamu wa miamba kutoka Misri, alishiriki kuchagua mahali pa kutua vyombo vya Apollo mwezini, na aliwafundisha wanaanga kuitazama miamba. Anayetaka njia hii ashike hisabati, fizikia, kemia na jiografia, kisha asome uhandisi wa mitambo, umeme au madini. Uhandisi wa madini unafundishwa hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mkataba wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kuumiliki mwezi. Hata hivyo Marekani mwaka 2015, na Luxembourg mwaka 2017, zilitunga sheria za kuruhusu kampuni kumiliki kile zitakachochimba. Mgao huo utajadiliwa na wenye elimu, na asiyekuwa nayo ataletewa habari tu.

Vijana wetu, wapo wanaoacha shule na kukimbilia machimbo ya dhahabu wakisema hesabu hazina faida. Mchimbaji hulipwa kwa nguvu za mikono, nazo huisha. Anayejua kupima ndiye anayeamua shimo lichimbwe wapi. Wazazi, msiwatoe watoto darasani, wa kiume na wa kike, kabla hawajajua kupima.