Meja Notcutt na filamu za Vugiri

Muda mrefu kabla ya mabanda ya video kufika Bagamoyo (tunasema Bagamoyo yetu ya hapa Tukuyu, siyo ile ya Pwani), Tanganyika ilikuwa tayari inatengeneza filamu. Zilitengenezwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, na mtengenezaji wake alikuwa Mwingereza, Meja L. A. Notcutt.

Notcutt hakuanzia kwenye sinema. Alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Mwaka 1926 alianza kufikiri kwamba sinema shambani ingesaidia vibarua waridhike na kutulia kazini. Wazo lilizaliwa kwa faida ya shamba, na harufu hiyo haikuisha.

Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misheni lilianzisha mradi wa sinema ya kuelimisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Notcutt akapewa kazi ya kutengeneza filamu. Mwenzake, G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, alishika upande wa mafunzo. Kwa miaka miwili hivi walitoa filamu 35: safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, kodi, benki ya posta. Ipo hata ya kulima kahawa chini ya kivuli cha migomba, jambo ambalo mkulima wa Rungwe huenda angemfundisha Notcutt mwenyewe.

Sisi watu wa redio tunavutiwa zaidi na sauti. Filamu zilipigwa bila sauti, kwa mkanda mwembamba wa milimita 16. Maelezo yalirekodiwa kando, kwenye sahani za santuri, yakachezwa pamoja na picha. Hivyo picha ileile iliweza kusemeshwa Kiswahili, Kiganda au Kinyanja kwa kubadilisha santuri tu. Vifaa vilipakiwa kwenye lori pamoja na jenereta, watu wakakusanyika usiku uwanjani, kuanzia Tanganyika, Kenya na Uganda hadi Nyasaland, jirani zetu wa ng'ambo ya Songwe. Ufundi huo ulikuwa wa bei nafuu, nao ulikuwa na kasoro yake: santuri ikiruka kidogo tu, maneno yanaachana na midomo.

Walioigiza walikuwa Waafrika. Lakini nani awe mjinga kwenye hadithi na nani awe mwerevu, hilo waliamua Wazungu. Mara nyingi mwerevu ni yule anayefuata maelekezo ya bwana shamba au daktari, na anayeshika ya wazee wake anapata hasara.

Mwaka 1937 fedha ziliisha, na serikali za kikoloni hazikukubali kuubeba mradi. Mwaka huohuo Notcutt na Latham walichapisha London kitabu kuhusu kazi yao. Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha kitengo chake cha filamu za makoloni. Makao yake hayakuwa Vugiri tena, yalikuwa London.