Je, Wajua? Mama wa Shamba Katika Mji wa Shaba

Sogea hapa, ndugu, nafasi ipo! Leo tunamkumbuka mama wa shamba wa Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga, Kongo, jembe begani na mtoto mgongoni. Shika kofia yako, maana maisha yake yamejaa maajabu.

Je, wajua kwamba vichuguu vya mchwa vya Katanga hufikia urefu wa mita 8? Ndiyo, mita 8! Mama hakuviogopa: udongo wake una rutuba, akapanda mboga papo hapo juu yake.

Na umri wa vichuguu hivyo je? Kisia! Wataalamu walipima kichuguu kimoja cha Katanga, wakakuta kina zaidi ya miaka 2,000. Mji wa Lubumbashi wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 tu.

Bado tuko kwenye mchwa. Uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani huota kwenye makao yao, hapa Katanga na kwa jirani zetu wa Zambia. Kofia yake hufikia upana wa mita 1! Uyoga mmoja, na jamaa nzima imeshiba.

Je, wajua kwamba bukari, yaani ugali, na sombe, yaani majani ya mihogo, ni wageni? Mahindi na mihogo asili yake ni Amerika, na mihogo ililetwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Sahani ya mama imevuka bahari ya Atlantiki!

Hii itakushtua: majani mabichi ya mihogo yana sumu ya sianidi. Mama aliyatwanga, akayachemsha vizuri, sumu ikatoka. Nani aliyesema mkemia lazima awe na maabara?

Na mihogo michungu? Hiyo aliiloweka siku kadhaa bila haraka. Isipoandaliwa vizuri huweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usio na dawa. Subira ya mama iliokoa miguu ya watoto wake.

Umewahi kunywa munkoyo? Mama alitia mizizi ya porini ndani ya uji wa mahindi, na wanga ukaanza kugeuka sukari. Uji mzito ukawa kinywaji chepesi, kitamu, bila hata kijiko cha sukari ya dukani!

Haya, twende kwa ng'ombe. Je, wajua kwa nini ng'ombe wa Katanga walifugwa kwenye nyanda za Biano? Huko ni juu ya mita 1,500, kuna baridi, na mbung'o anayewaambukiza ng'ombe maradhi hapendi baridi hata kidogo!

Sasa sikia hili. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliondoka kazini kwa mpango mmoja tu, baada ya miaka ya mishahara kuchelewa. Nyumba nyingi za mji wa shaba zilikula kwa njia gani? Kwa jembe la mama na kwa meza yake ya sokoni!

Na bado sheria ilimbana. Je, wajua kwamba Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutia saini mkataba? Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Miaka 29, hebu fikiria!

Mama wa shamba aweza kujulikana dunia nzima? Muulize Mama Sarah Obama wa Kogelo, Kenya! Alizaliwa mwaka 1922, akalima, akalea, na mjukuu aliyemwita bibi akawa rais wa Marekani. Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 99.

Je, wajua kwamba mama wa kijijini ana siku yake? Ni tarehe 15 Oktoba, na siku inayofuata, tarehe 16, ni Siku ya Chakula Duniani. Anatangulia mama, kisha chakula. Mpangilio sahihi kabisa!

Kuna zaidi: Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima. Mwaka mzima, ndugu yangu!

Basi nawe una kazi. Muulize mama au bibi yako alilima wapi, alipanda nini, alivuna magunia mangapi, kisha andika majibu yake kwenye daftari. Nakuahidi, ajabu kubwa kuliko zote hizi imo humo.