Tangi la maji taka: Mwenye nyumba Kitui na Makueni anavyoweza kulinda kisima chake na cha jirani

KATIKA miji ya Kitui, Mwingi, Wote, Emali na Kibwezi, choo cha ndani cha kuvuta maji si anasa tena. Kimekuwa sehemu ya kawaida ya nyumba ya kudumu, iwe ni ya familia au ya kupangisha. Hata hivyo, mabomba ya kupeleka maji taka kwenye vidimbwi vya kusafishia hayajafika katika sehemu kubwa ya makazi ya kaunti hizi mbili, ambazo kwa mujibu wa sensa ya 2019 zilikuwa na watu 1,136,187 (Kitui) na 987,653 (Makueni). Kinachotoka chooni huishia katika ardhi ya mwenyewe, ndani ya tangi ambalo wengi hulisahau punde tu fundi anapolifunika.

Usahaulifu huo una gharama, na mara nyingi haimwangukii aliyesahau. Ukambani ni nchi kavu ambako maji ya kunywa huchotwa chini ya ardhi, katika visima vifupi na katika mchanga wa mito ya msimu kama vile Tiva, Nzeeu, Kaiti na Thwake. Tangu miaka ya 1990, mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa Kitui na Makueni ili mito hiyo ihifadhi maji baada ya mvua kukatika. Maji yanayoteremka kutoka kwenye shimo la maji taka lililo mlimani hufuata mteremko uleule unaojaza mchanga huo.

Wapo wanaoamini kuwa mchanga huchuja kila kitu. Ni kweli kwamba mchanga hupunguza vijidudu kwa kiasi kikubwa iwapo maji yatapita polepole na kwa umbali wa kutosha. Lakini naitreti, chumvi itokanayo na mkojo na kinyesi, hupita bila kuzuiwa. Maji yenye naitreti nyingi yakitumiwa kumkorogea mtoto mchanga maziwa, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa. Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na naitreti hubaki.

Tangi lenyewe si jambo geni duniani. Mfaransa Jean-Louis Mouras alilipatia hataza mwaka 1881, na kanuni yake haijabadilika. Maji machafu yakituama kwa muda wa siku moja au zaidi, kizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea na kuwa utando, na katikati hubaki maji yasiyo na vipande vikubwa. Bakteria wasiohitaji hewa hulila tope hilo taratibu na kulipunguza, ila hawalimalizi. Maji ya katikati hutoka upande wa pili kupitia kiungo cha bomba chenye umbo la T, ambacho mdomo wake umezamishwa chini ya utando. Kiungo hicho ni cha bei ndogo mno ukilinganisha na gharama ya ujenzi, na ndicho ambacho mafundi wengi hukiruka. Bila kiungo hicho, mafuta na vinyesi huingia moja kwa moja katika shimo la kufyonza maji na kuziba udongo.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanadhani tangi ndilo linalosafisha. Maji yanayotoka tangini bado yamejaa viini vya magonjwa. Kazi ya kuyasafisha hufanywa na udongo ulio nje, na ndiyo sababu swali la kwanza kwa mwenye kujenga haliwi ukubwa wa tangi bali aina ya ardhi aliyo nayo.

Na ardhi ya kaunti hizi hutofautiana sana. Sehemu kubwa ina udongo mwekundu wa kichanga juu ya mwamba mgumu wa kale, na mwamba huo unaweza kuwa mita moja tu kutoka juu. Shimo refu likichongwa humo huwa kama sufuria. Maji hayana pa kwenda. Kwenye mabonde kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magari wakati wa mvua. Ukiupima Septemba utadanganyika, kwa kuwa maji hutoweka katika nyufa. Mvua ya Novemba inapofika udongo hufura, nyufa hufunga, na maji taka huanza kurudi juu. Kibwezi na Makindu, karibu na vilima vya Chyulu, kuna tatizo lililo kinyume. Mawe ya volkeno yana mianya inayopitisha maji kwa haraka bila kuyachuja, na ni maji ya chini ya mawe hayohayo yanayobubujika katika chemchemi za eneo hilo. Mwenye shimo linalofyonza upesi kupita kiasi hana cha kujivunia.

Upimaji wake hauhitaji mtambo. Huchimbwa kishimo chenye upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho maji taka yatafyonzwa, kikajazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ushibe. Kesho yake hujazwa tena na muda kuhesabiwa. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, udongo huo haufai kwa shimo la kawaida. Yakishuka kiasi hicho kwa chini ya dakika moja, udongo hauchuji. Vishimo viwili au vitatu katika sehemu tofauti za ploti hutoa picha iliyo sahihi kuliko kimoja.

Pale ambapo mwamba uko karibu, mitaro mirefu isiyo na kina, iliyojazwa kokoto na kuwekewa bomba lenye matundu, ni bora kuliko shimo refu. Kwenye miteremko ya Mbooni na Kilungu mitaro hiyo sharti ifuate kontua, na katika hili wakulima hawahitaji mwalimu, kwa maana ni hesabu ileile wanayoitumia kuchimba makinga maji ya fanya juu. Mtaro ukielekezwa chini ya mteremko, maji yote hukimbilia mwisho wake na kuchomoza katika ngazi ya shamba la jirani.

Kuhusu umbali, kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa shimo la kufyonza liwe angalau mita 30 kutoka kisima, nalo liwe upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya shimo nayo isikaribie maji ya ardhini kwa chini ya mita moja na nusu, kipimo kichukuliwe wakati wa mvua. Katika ploti za mita 15 kwa 30, mita 30 hizo hazipatikani kama kila mmoja atachimba kisima na shimo lake. Majirani walioketi pamoja na kukubaliana visima viwe upande gani na mashimo upande gani wamejiepushia kesi nyingi.

Ukubwa wa tangi ni hesabu ya kawaida. Tuseme nyumba ina watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku. Hizo ni lita 480 zinazoingia kila siku. Tope hukadiriwa kuwa lita 40 kwa mtu kwa mwaka, yaani lita 240 kwa familia nzima. Tangi lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na kina cha maji cha mita 1.2 hubeba takriban lita 3,450. Ligawanywe kwa ukuta, theluthi mbili upande wa kuingilia na theluthi moja upande wa kutokea. Tope linapofikia theluthi moja ya ujazo, yaani lita 1,150 hivi, ni wakati wa kulinyonya. Kwa familia hiyo ni baada ya miaka minne na miezi kadhaa.

Sasa tangi hilohilo liwekwe kwenye nyumba za kupangisha zenye watu 20, kama zile zinazojengwa karibu na vyuo. Tope litakuwa lita 800 kwa mwaka, na theluthi ile itajaa kabla ya mwaka na nusu. Mwenye nyumba anayeongeza vyumba bila kuongeza tangi huwa amehamishia uchafu kwa wapangaji wake.

Uhaba wa maji nao huleta shida ambayo vitabu vya nchi za mvua haviitaji sana. Mifereji inapokauka kwa siku kadhaa, watu huvuta choo kwa kikombe. Vinyesi hukwama njiani kwa kukosa maji ya kuvisukuma. Bomba la kutoka nyumbani hadi tangini linahitaji mteremko wa sentimita mbili hivi kwa kila mita, na kona chache iwezekanavyo, kila kona ikiwa na kifuniko cha kukagulia. Maji ya kufulia na kuogea, yasiyo na kinyesi, yanaweza kuelekezwa kwenye migomba badala ya kujaza tangi, mradi yasituame na kuzalisha mbu.

Kinachoua tangi mapema kinafahamika: mafuta ya kupikia, mchanga wa kusugulia sufuria, majivu, nepi, visodo, nguo kuukuu na dawa kali za kuulia viini zinazomwagwa kwa wingi. Unga na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kula tope lote havihitajiki. Bakteria huletwa na kinyesi chenyewe. Vivyo hivyo kwa matangi madogo yanayotangazwa kuwa hayatanyonywa milele. Mchanga, plastiki na majivu haviliwi na bakteria yeyote.

Choo kinapoanza kushuka polepole au kutoa mlio wa kububujika, usiite lori kwanza. Fungua kifuniko cha tangi ukiwa umesimama mbali kidogo, bila moto wala sigara, na utazame kimo cha maji. Yakiwa sawa na bomba la kutokea, tangi ni zima na kizuizi kiko kati ya nyumba na tangi. Yakiwa juu ya bomba hilo, shimo la kufyonza au njia yake imeziba, mara nyingi kwa mizizi ya mti uliopandwa karibu. Yakiwa chini, ukuta umepasuka na maji taka yanavuja ardhini. Hili ndilo baya kuliko yote, kwani nyumbani hakuna anayeona usumbufu. Kimo cha tope hupimwa kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe na kuzamishwa hadi sakafuni kwa dakika chache. Doa jeusi huonyesha lilipofika.

Shimo lililoziba haliponi kwa kumwagiwa asidi. Chimba la pili, ulipumzishe la kwanza kwa miezi kadhaa, kisha uyatumie kwa zamu.

Jambo moja halina mjadala. Mtu asiingie ndani ya tangi, hata likiwa limenyonywa. Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza mwanzoni, kisha hufisha uwezo wa kunusa, na mtu huanguka bila onyo. Katika ajali za namna hii, aliyeshuka kumwokoa wa kwanza mara nyingi hufa pia, na wa tatu baada yake. Nyufa za ndani ni kazi ya mafundi wenye vifaa vya kupimia hewa, kamba na mtu wa kuwavuta aliye juu.

Mwenye lori la kunyonya naye aulizwe mambo mawili kabla ya bei: leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na mahali anapokwenda kumwaga. Tope likimwagwa usiku katika mkondo mkavu wa mto, mvua ya kwanza hulipeleka kwenye mchanga unaochotwa maji. Likimwagwa shambani likiwa bichi, mayai ya minyoo huishi humo kwa miezi mingi.

Kabla ya kuchimba, michoro hupelekwa kwa kaunti ili kupata idhini ya ujenzi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na ofisa wa afya ya umma hukagua tangi. Mwite kabla slabu haijamwagwa, wakati ambapo ule ukuta wa kati na viungo vya T bado vinaonekana. Nakala ya mchoro, ikionyesha vifuniko viko hatua ngapi kutoka pembe ya nyumba, ihifadhiwe pamoja na hati ya shamba.