Habari za Mahali Petu Ziandikwe Mapema

Gitothua ni kata mojawapo ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Mgeni apitaye huko leo huona nyumba za ghorofa, maduka na magari mengi, wala hawezi kujua kwa macho tu ya kwamba nchi ya Ruiru ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Habari za reli iliyofika Thika mwaka 1913 zimo vitabuni. Hata kahawa iitwayo Ruiru 11, waliyopewa wakulima mwaka 1985, imeandikiwa mengi. Lakini majina ya vilima na vijito, mahali zilipokuwa kambi za vibarua, na jinsi kila jamaa ilivyofika, mengi ya hayo yamo vichwani mwa wazee tu. Mzee akifa, huzikwa nayo.

Kwa hiyo yafaa wanakijiji wenyewe wazitafute habari hizo na kuziandika. Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Yahitaji daftari, uvumilivu na utaratibu, nasi twaeleza hapa utaratibu huo.

Kwanza ni kupata miaka. Wazee wa zamani hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kila rika la waliotahiriwa lilipewa jina lake. Jomo Kenyatta ni mfano mzuri: mwaka aliozaliwa haujulikani kwa hakika, lakini yajulikana kwamba alitahiriwa mwaka 1913, katika rika la Kihiu Mwiri. Profesa Godfrey Muriuki alitumia marika hayo kupanga miaka katika kitabu chake cha historia ya Wakikuyu, kilichotolewa mwaka 1974. Basi usimwulize mzee, “Babu yako alizaliwa mwaka gani?” Mwulize, “Babu yako alikuwa rika gani? Alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Ng’aragu ya Ruraya?” Hiyo ndiyo njaa kuu ya miaka ya 1898 hadi 1900. Kwa mambo ya karibu zaidi, Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na kukusanywa kwa watu vijijini kuanzia 1954, ni alama nzuri za kukumbushia.

Pili ni majina. Kwa desturi ya Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake, na binti wa kwanza jina la mama wa baba yake. Hivyo Kamau huzaa Njoroge, naye Njoroge humzaa Kamau mwingine. Mwandishi asiyeangalia atawafanya watu wawili kuwa mtu mmoja, na vizazi viwili vitapotea. Dawa yake ni kuandika kila jina pamoja na rika la mtu, mke wake, na mahali alipokaa. Katika hayo akina mama wazee waulizwe sana, maana wao ndio wajuao nani aliolewa wapi, na nani alizaliwa wakati wa njaa.

Tatu ni karatasi. Tangu miaka ya 1919 na 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, nacho kiliandikwa jina la bwana wa kazi, mshahara, na siku ya kuanza na kuacha kazi. Jamaa iliyohifadhi kipande cha babu yake ina ushahidi ulio bora kuliko masimulizi mengi. Kadhalika vitabu vya ubatizo, vyeti vya shule na hati za ardhi vitazamwe, kisha virudishwe kwa wenyewe.

Nne ni haki. Neno la mtu mmoja lilinganishwe na la mwingine. Wakipingana, yaandikwe maneno yote mawili pamoja na jina la kila msemaji aliyekubali kutajwa. Habari za Hali ya Hatari hasa zitakiwa busara, kwa kuwa majirani wengi wa leo ni wajukuu wa watu waliokuwa pande mbili, na jeraha lile halijapona katika kila nyumba.

Labda msomaji atauliza, faida yake nini? Na akumbuke Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 1932. Wazee wa Kiambu walifika mbele yake kutaja mababu zao na mipaka ya mashamba ya mbari zao. Taarifa ya Tume, iliyotolewa mwaka 1934, ilipendekeza kwamba haki walizodai Waafrika nje ya hifadhi zao zifutwe. Wazee hawakurudishiwa nchi waliyoidai. Hata hivyo ushahidi wao ulipigwa chapa katika vitabu vitatu, na mpaka leo wajukuu husoma humo majina ambayo hapana mtu aliyebaki kuyasimulia. Uamuzi ulikuwa wa wengine, bali maneno yalibaki kuwa yao.

Daftari likijaa, zifanywe nakala zaidi ya moja: moja ikae shuleni, moja kanisani au msikitini, na moja kwa mzee aaminiwaye. Sauti za wazee zaweza kuhifadhiwa kwa simu, lakini simu hupotea na kuharibika, maandishi yasiachwe. Kazi ianze kwa mzee aliye mkubwa kupita wote, tena ianze mwezi huu.