Kichaka kinachoishi kwa kuzikwa

Kwenye matuta ya mchanga karibu na Kipini, mto Tana unapoingia baharini, vichaka vifupi vya kijani vimetapakaa, kila kimoja kivyake. Mzee wa Tarasaa mwenye kitalu cha miembe na mikoko hataki uvihesabu hivyo. Alipiga magoti akaanza kufukua kwa viganja.

Chini ya kichaka cha kwanza palikuwa na shina gumu la kahawia. Akalifuata kwa vidole, mchanga ukimporomokea, mpaka likaibuka katikati ya kichaka cha pili. "Ni mti mmoja huu, mwanangu," akasema. "Upepo ukiufukia, unatoa mizizi pale pale penye shina lililozikwa, kisha unachomoza tena. Tuta linapanda, nao unapanda."

Wataalamu wanauita Scaevola plumieri. Majani yake ni mazito, yamejaa maji, na yanang'aa hata wakati wa kaskazi kali. Ua ndilo lililoniteka: petali tano, zote zimejipanga upande mmoja, upande wa pili mtupu kabisa. Tunda ni jeusi. Ndugu yake mwenye tunda jeupe, Scaevola taccada, naye ni mwenyeji wa ufuo huu. Huko Florida, Marekani, huyo mweupe aliletwa kupamba bustani, akatoroka na kuwabana weusi wa asili, ambao jimbo limewaorodhesha miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Hapa kwetu wote wawili ni wenyeji. Hilo ni jambo la kujivunia, na nashangaa halisemwi.

Nyuma ya matuta haya kuna mpunga, malisho na maji baridi ya delta ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, hekta 163,600. Mbele yake kuna bahari. Katikati kuna mchanga, na mchanga unashikwa na mizizi.

"Mikoko ina miradi. Huu hauna," akasema mzee. Yeye hukata matawi ya urefu wa shibiri na kuyachomeka kwenye mifuko ya mchanga mtupu wa pwani. Hakuna anayemlipa. "Nikingoja mwenye mradi, tuta litakuwa limeshaondoka."

Nikamuuliza kuhusu mabwawa ya juu ya mto, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yanayonasa mchanga na tope kabla havijafika huku. Mti uliozoea kufukiwa utafanyaje mchanga ukipungua? Alinyamaza kidogo. "Mimi najua kuupanda tu. Hilo waulizeni wenye mabwawa." Je, wameulizwa?

Ukifika Kipini, pita palipo na njia, usikanyage tuta jipya wala kung'oa tawi. Nanyi mnaoandaa upandaji wa mikoko mwaka huu, tengeni fungu la mti huu pia, na mwanzie Tarasaa, kwa mzee ambaye tayari ana miche.